Kriminolojia Chini ya Mlima Kenya: Nafasi ya Kiswahili katika Maandalizi ya Watumishi wa Haki ya Jinai

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi taaluma ya kriminolojia inavyosomwa chuoni na jinsi wanaoisoma wanavyojiandaa kwa kazi za haki ya jinai. Mazingira yanayoangaziwa ni mji wa Nyeri na miji mingine iliyouzunguka Mlima Kenya. Hoja kuu ni kwamba mwanafunzi wa taaluma hii hufunzwa kwa Kiingereza, ilhali sehemu kubwa ya kazi inayomngojea hufanywa kwa Kiswahili na lugha za wenyeji. Pengo lililopo baina ya lugha ya darasani na lugha ya kituo cha polisi linaweza kumgharimu mtu uhuru wake. Kwa hivyo, makala yanapendekeza njia ambazo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanaweza kusaidia kuliziba.

Utangulizi

Mnamo Novemba 1956, mjini Nyeri, Dedan Kimathi alisimamishwa mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor na wazee watatu washauri wa mahakama. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola kinyume cha kanuni za hali ya hatari. Tarehe 27 ya mwezi huo alihukumiwa kifo, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa katika gereza la Kamiti. Wasomaji wengi wa fasihi wanaijua kesi hii kupitia tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo iliyochapishwa mwaka 1976, ambayo tafsiri yake ya Kiswahili inaitwa Mzalendo Kimathi. Kumbukumbu halisi za mahakama zilidhaniwa kwa miongo mingi kuwa zimepotea, hadi zilipochapishwa kitabuni mwaka 2017. Anayezisoma leo hupata maneno ya mshtakiwa yakiwa yamehifadhiwa kwa Kiingereza. Baina ya Kimathi na jaji aliyeyaamua maisha yake alisimama mkalimani.

Leo, kilomita zipatazo sita kutoka mjini Nyeri, kando ya barabara iendayo Mweiga, kipo chuo kikuu chenye jina la mshtakiwa huyo. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kilianza mwaka 1972 kama taasisi ya ufundi, kikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 2007, na kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2012. Miongoni mwa shahada zinazotolewa hapo ni ile ya Kriminolojia na Usimamizi wa Usalama. Hivyo basi, vijana wanaojifunza namna ya kumchunguza, kumhoji na kumrekebisha mtuhumiwa wanafanya hivyo katika chuo kilichopewa jina la mtu aliyehukumiwa kupitia kinywa cha mwingine. Swali linalozuka ni hili: je, maandalizi yao yanawawezesha kuisikia sauti ya mtuhumiwa kama ilivyotamkwa?

Kriminolojia ni nini?

Yafaa kwanza kuondoa utata unaowakumba wengi wanaojaza fomu za kujiunga na vyuo. Kriminolojia si sheria, wala si mafunzo ya upolisi. Mwanasheria huuliza: je, kitendo hiki ni kosa, na kimethibitishwa? Polisi huuliza: ni nani aliyekitenda, na ushahidi uko wapi? Mwanakriminolojia huuliza maswali mapana zaidi: kwa nini watu huvunja sheria, kwa nini baadhi ya vitendo huitwa uhalifu na vingine haviitwi, jamii huitikiaje, na je, adhabu inayotolewa hupunguza uhalifu au huuongeza?

Maswali haya yana historia ndefu. Mwaka 1764 Mwitaliano Cesare Beccaria alichapisha kitabu kuhusu makosa na adhabu, akidai kwamba uhakika wa adhabu huzuia uhalifu kuliko ukali wake. Mwaka 1876 Cesare Lombroso, Mwitaliano mwingine, alidai kuwa wapo watu waliozaliwa wahalifu na kwamba maumbile yao huwafichua. Dai hilo limekwisha kukanushwa, ingawa mazoea ya kumtambua mwizi kwa sura yake bado hayajafa mitaani. Katika karne ya ishirini, wataalamu wa Chicago waligeuza jicho kutoka kwa mtu hadi mtaa. Clifford Shaw na Henry McKay, katika utafiti wao wa mwaka 1942, walionyesha kwamba mitaa fulani iliendelea kuwa na uhalifu mwingi wa vijana hata wakazi wake walipohama na wengine wa asili tofauti kabisa kuingia. Basi chanzo hakikuwa asili ya watu bali hali ya mahali.

Eneo la Mlima Kenya lina sababu yake ya kulikumbuka funzo hilo. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilichapisha maandishi ya daktari wa akili J. C. Carothers kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Badala ya kuchunguza kwa kina suala la ardhi na utawala, maandishi hayo yaliueleza uasi kama mtikisiko wa akili ya Mwafrika aliyekutana na usasa. Huu ni mfano bayana wa taaluma kutumiwa kugeuza dai la kisiasa kuwa ugonjwa. Mwanafunzi anayeanza masomo yake Nyeri hana haja ya kwenda mbali kujifunza kwamba neno "mhalifu" hutegemea aliyeshika kalamu.

Kwa kawaida, shahada ya kwanza katika taaluma hii huchukua miaka minne. Mwanafunzi hupitia nadharia za uhalifu, saikolojia na sosholojia, misingi ya sheria ya jinai na ya ushahidi, takwimu na mbinu za utafiti, masuala ya magereza na urekebishaji, haki za waathiriwa, na misingi ya uchunguzi wa kisayansi. Aidha, hutakiwa kwenda nyanjani kujifunza kazi katika ofisi au taasisi inayohusika.

Mlima Kenya kama uwanja wa mafunzo

Ni maeneo machache nchini yaliyo na taasisi nyingi za haki ya jinai zilizokaribiana kama Nyeri. Ukingoni mwa mji lipo gereza kuu la King'ong'o. Huko Kiganjo kipo chuo cha polisi ambacho vizazi vingi vya askari wa Kenya vimepitia. Mjini penyewe ipo Mahakama Kuu, na pia Mahakama ya Rufani husikiza rufaa hapo. Mahakama Kuu ina vituo vingine Kerugoya, Embu, Chuka, Meru na Nanyuki. Othaya ipo shule ya urekebishaji wa watoto. Wamumu, katika kaunti ya Kirinyaga, ipo nyingine iliyoanza mwaka 1955 kama kambi ya vijana wa kiume waliozuiliwa wakati wa hali ya hatari.

Taasisi hizi na vijiji vinavyozizunguka zimebeba matukio ambayo kila mwanafunzi wa kriminolojia anapaswa kuyatafakari. Matatu yanatosha kudhihirisha upana wa taaluma hii.

La kwanza lilitokea King'ong'o. Mnamo Septemba 2000, wafungwa sita waliokuwa wamehukumiwa kifo walikufa gerezani humo. Maelezo rasmi ya awali yalikuwa kwamba waliumia walipojaribu kuruka ua ili watoroke. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha yaliyolingana na kipigo. Hapa sayansi ya uchunguzi ilisema jambo ambalo marehemu hawangeweza kulisema tena, na watunzaji wa sheria wakageuka kuwa wa kuchunguzwa.

La pili lilitokea katika kijiji cha Gathaithi, karibu na Karatina. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Aprili 2009, watu 29 waliuawa katika makabiliano yaliyowahusisha wanakijiji na wafuasi wa kundi la Mungiki. Sheria yaweza kuwashtaki waliokamatwa. Hata hivyo, haitoshi kueleza jinsi kundi linalotoza watu ada linavyopata vijana wa kulitumikia, wala jinsi wanakijiji waliochoka kungojea msaada wanavyofikia kushika mapanga. Maelezo hayo ni kazi ya kriminolojia.

La tatu ni la Kangai, Kirinyaga, mwezi Februari 2024. Watu wasiopungua 17 walikufa baada ya kunywa pombe yenye sumu. Ilielezwa baadaye na serikali kwamba pombe hiyo ilikuwa kielelezo cha kesi, kilichotolewa kisirisiri katika kituo cha polisi na kurudishwa sokoni. Somo la kutunza vielelezo, ambalo wanafunzi wengi huliona kavu kwa sababu ni la kuandika nani alikipokea kitu, lini, na akamkabidhi nani, hapa linadhihirika kuwa somo la uhai na kifo.

Lugha katika mnyororo wa haki

Katika matukio yote ya aina hii, kazi huanza kwa mtu kuzungumza na mwingine kuandika. Mlalamishi huingia kituoni akasimulia, na afisa akaandika katika kitabu cha matukio ambacho umma hukijua kwa jina la OB. Aghalabu masimulizi huwa kwa Kiswahili au Kigikuyu, Kimeru au Kiembu, na maandishi yakawa kwa Kiingereza. Kuanzia hapo, kila hatua inayofuata husimama juu ya tafsiri iliyofanywa na mtu ambaye pengine hakupata mafunzo yoyote ya kutafsiri.

Sheria inalitambua tatizo hili. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Ibara ya 49 inampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa na haki yake ya kunyamaza. Ibara ya 50 inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha ya kesi. Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai inasema kwamba lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Kanuni za mwaka 2009 kuhusu ungamo zinamtaka afisa anayeliandika ahakikishe kwamba mshukiwa ameitaja lugha anayoipendelea, na kwamba amepewa mkalimani pale asipozungumza Kiswahili wala Kiingereza.

Kanuni hizo ni nzuri, lakini zinachukulia kwamba afisa aliyehitimu anakimudu Kiswahili kwa kiwango cha kuandika ungamo la mtu bila kulipotosha. Mifano michache itaonyesha ugumu wa kazi hiyo.

Kwanza ni suala la saa. Shahidi anayesema kwamba alimwona mtu fulani "saa tatu usiku" anamaanisha saa ambayo Mwingereza huihesabu kuwa ya tisa. Afisa anayeandika kwa haraka, huku akibadilisha lugha kichwani, anaweza kukosea kwa saa sita nzima. Pale ambapo mshtakiwa anajitetea kwamba alikuwa mahali pengine wakati wa tukio, saa sita ni tofauti kati ya kifungo na uhuru.

Pili ni viambishi vya nafsi. Sentensi "Alikuja, akamshika, akaanguka" ni Kiswahili sanifu. Hata hivyo, haituambii ikiwa aliyekuja ni mwanamume au mwanamke, wala ikiwa aliyeanguka ni mshikaji au mshikwaji. Kiingereza kinamlazimisha mwandishi achague jinsia, na katika kuchagua huko ameshaongeza ushahidi ambao shahidi hakuutoa. Afisa aliyefunzwa sarufi ya Kiswahili atajua kwamba hapo pana utata na atauliza swali la kuuondoa. Asiyefunzwa atabahatisha.

Tatu ni msamiati wa mwili. "Alinikata mkono" inaweza kumaanisha kiganja au sehemu yoyote hadi begani, na inaweza kumaanisha jeraha dogo au kuondolewa kiungo kabisa. Katika kesi za kujeruhi, ambapo fomu ya daktari iitwayo P3 hulinganishwa na maelezo ya mlalamishi, utata wa aina hiyo humpa wakili wa upande wa pili nafasi ya kudai kwamba shahidi anadanganya.

Nne, na hili ndilo zito zaidi, ni jibu la mshtakiwa anaposomewa mashtaka. Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu unaofuatwa hadi leo. Mashtaka na viungo vyote vya kosa yaelezwe kwa lugha ambayo mshtakiwa anaielewa. Jibu lake liandikwe, kadiri iwezekanavyo, kwa maneno yake mwenyewe. Kisha maelezo ya tukio yasomwe, naye apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza lake. Sababu ya tahadhari hii iko wazi kwa yeyote anayejua Kiswahili. Mtu akijibu "Ni kweli nilichukua," amekiri kuchukua, lakini hajakiri kuiba. Sheria ya Kenya inataka wizi uwe ni kuchukua kwa hila na bila dai la haki. Huenda aliyechukua baiskeli aliamini kuwa ni yake, au kwamba ndugu yake alimruhusu. Vilevile, "Ni kweli niliua" haitofautishi kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia, ilhali sheria hutenganisha makosa hayo mawili kwa adhabu tofauti sana. Mkalimani anayefupisha sentensi nzima kwa neno moja la kukiri anaweza kumfungia mtu mlango wa utetezi kabla kesi haijaanza.

Kwamba mkalimani si chombo kisicho na upande ni jambo lililojulikana zamani. Katika kesi ya Kapenguria iliyoanza Desemba 1952, iliyomkabili Jomo Kenyatta na wenzake, mkalimani alikuwa Louis Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale aliyekijua Kigikuyu tangu utotoni. Mawakili wa utetezi, wakiongozwa na D. N. Pritt, walimlaumu kwa kuegemea upande wa serikali, na hatimaye akajiondoa. Kuijua lugha kwa ufasaha hakukutosha. Ilihitajika pia imani ya wale ambao maneno yao yalikuwa yakifasiriwa.

Istilahi na hadhi ya mtu

Ugumu mwingine ni wa istilahi. Mwanafunzi anayefunzwa kwa Kiingereza pekee anapofika nyanjani hulazimika kubuni maneno papo hapo, na kila ofisi hubuni yake. Afisa wa probesheni, kwa mfano, huitwa pengine afisa wa kurekebisha tabia, na adhabu anayoisimamia huitwa kifungo cha nje. Jina hili la mwisho ni la kupotosha, kwani huduma ya probesheni, iliyoanza nchini kwa sheria ya mwaka 1943, iliwekwa kama njia mbadala ya kifungo. Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe amepewa "kifungo" huenda akaamini kwamba mtoto amefungwa.

Maneno yanayomtaja mtu anayepitia mikononi mwa sheria yanahitaji uangalifu zaidi. Mshukiwa ni yule anayedhaniwa. Mshtakiwa ni aliyefikishwa mahakamani. Mahabusu ni aliyezuiliwa akingoja kesi, na mfungwa ni aliyehukumiwa kifungo. Ngazi hizi si mapambo ya lugha, kwa maana kila moja ina haki zake. Mtu anayeitwa "mhalifu" au "jambazi sugu" redioni siku ya kukamatwa amekwisha kuhukumiwa na wasikilizaji kabla hakimu hajafungua faili. Vivyo hivyo, neno "kosa" hutumika kwa hesabu iliyokosewa darasani, kwa utovu wa adabu nyumbani na kwa wizi wa mabavu. "Jinai" ni kosa ambalo dola hulishtaki, na "uhalifu" ni mwenendo wa kuvunja sheria kwa jumla. Mwanafunzi anayeyachanganya maneno haya hawezi kuandika ripoti inayoeleweka.

Sheria yenyewe hukiri nguvu ya maneno. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilikataza maneno ya kutiwa hatiani na kupewa adhabu kutumika kwa mtoto aliyeshughulikiwa na mahakama ya watoto. Nafasi yake ilichukuliwa na sheria ya mwaka 2022, ambayo pia ilipandisha umri wa chini wa kubeba lawama ya jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Mtoto wa Othaya au Wamumu ni mtoto aliyekinzana na sheria, na wanaomhudumia wanapaswa kumwita hivyo kwa lugha atakayoisikia yeye na wazazi wake. Sheria iliyoandikwa kwa upole kwa Kiingereza haimfai ikiwa mtaani ataitwa "jela bedi".

Nafasi za kazi na maandalizi yake

Wengi wanaoingia katika taaluma hii huongozwa na ndoto ya kuwa wapelelezi. Ni muhimu waelezwe ukweli mapema. Shahada ya kriminolojia haimfanyi mtu afisa wa polisi moja kwa moja, kwani uajiri wa polisi una masharti yake ya umri, afya na mafunzo. Wala haimpi mtu leseni ya uwakili, ambayo huhitaji shahada ya sheria na mafunzo ya Chuo cha Sheria cha Kenya.

Hata hivyo, milango iliyopo si michache. Upo upelelezi wa jinai, upo utumishi wa magereza, na ipo kazi ya probesheni na ya kuwahudumia watoto. Zipo taasisi za uangalizi kama vile Mamlaka Huru ya Kuangalia Utendakazi wa Polisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Kipo Kituo cha Kitaifa cha Utafiti wa Uhalifu kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997. Kandokando ya misitu ya Mlima Kenya na Aberdare, ulinzi wa wanyamapori na miti nao unahitaji wachunguzi. Katika sekta ya kibinafsi, mabenki, kampuni za bima na kampuni za ulinzi huhitaji watu wanaoweza kuchunguza ulaghai na kuandika taarifa itakayosimama mahakamani.

Takribani kila mojawapo ya kazi hizi hutegemea stadi tatu: kuhoji, kusikiliza na kuandika. Afisa wa probesheni anayeandaa ripoti kabla ya hukumu hutembea hadi nyumbani kwa mshtakiwa. Huzungumza na mama, mwalimu, chifu na mlalamishi, kisha humshauri hakimu ikiwa mtu huyo arudishwe katika jamii. Hakuna hata mmoja miongoni mwa wazee hao anayelazimika kujua istilahi za Kiingereza za nadharia ya uhalifu. Kijana aliyefaulu mitihani yote lakini hawezi kumuuliza bibi wa Tetu, kwa heshima na kwa maneno yaliyo wazi, jinsi mjukuu wake alivyolelewa, hajaiva kwa kazi hiyo.

Maandalizi mema basi yanahitaji mambo yafuatayo. Mwanafunzi ahudhurie vikao vya mahakama vilivyo wazi kwa umma, asikilize jinsi mashtaka yanavyosomwa na kufasiriwa. Ajizoeze kuandika maelezo ya shahidi kwa lugha ileile iliyotumika kabla ya kuyatafsiri. Ajifunze takwimu, kwa kuwa dai lisilo na hesabu halimsaidii mpangaji wa sera. Na alinde jina lake, kwani kazi hizi huhitaji cheti cha tabia njema, na haki haiwezi kukabidhiwa mikono isiyoaminika.

Mchango wa mwanafunzi wa Kiswahili

Mwanafunzi wa Kiswahili huenda akauliza haya yote yanamhusu vipi. Jibu ni kwamba taaluma yake tayari ina tawi linaloitwa isimu ya kisheria, ambalo chanzo chake ni maisha ya mtu aliyenyongwa. Timothy Evans aliuawa kwa amri ya mahakama mjini London mwaka 1950, kwa kutegemea kwa kiasi kikubwa maelezo aliyodaiwa kuyatoa kwa polisi. Mwaka 1966 alipewa msamaha baada ya kufa. Mwaka 1968 mwanaisimu Jan Svartvik aliyachambua maelezo hayo na kuonyesha kwamba mtindo wa kisarufi katika sehemu zenye ungamo ulitofautiana na ule wa sehemu nyingine. Uchambuzi wa sentensi, zoezi ambalo wanafunzi hulilalamikia, uligeuka kuwa ushahidi.

Afrika Mashariki inao mfano wake. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu iliyoamuliwa Arusha mwaka 1998, mahakama ya kimataifa kuhusu Rwanda ilimwita mtaalamu wa isimu aeleze maana za maneno ya Kinyarwanda kama "inyenzi" na "inkotanyi" jinsi yalivyobadilika kwa wakati na muktadha. Majaji hawangeweza kuamua ikiwa hotuba fulani ilichochea mauaji bila kwanza kujua waliosikia walielewa nini.

Fasihi nayo ina lake. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyochapishwa mwaka 1973, ilitungwa kifungoni. Mwanafunzi wa masuala ya magereza anayeisoma atapata habari za upweke wa mfungwa ambazo hazimo katika takwimu. Zaidi ya hayo, uhakiki wa fasihi humfunza mtu kuuliza nani anasimulia, anaficha nini, na kwa nini. Maswali hayo ndiyo ya mpelelezi.

Ushirikiano unawezekana kwa hatua ndogo. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vya eneo hili vinaweza kuandaa, pamoja na wenzao wa kriminolojia, faharasa ya istilahi za haki ya jinai inayolinganisha matumizi ya Kenya na ya Tanzania. Tanzania iliifanyia sheria yake marekebisho mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Kwa hiyo, istilahi nyingi zimekwisha kujaribiwa huko, na si lazima kuanza upya. Vinaweza pia kuandaa mahakama za mazoezi zinazoendeshwa kwa Kiswahili, ambapo mwanafunzi mmoja ni mshtakiwa, mwingine mkalimani, na wasikilizaji hupima kilichopotea njiani. Idara zinaweza kutoa somo la hiari la ukalimani na uandishi wa maelezo kwa wanafunzi wa kriminolojia.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba kriminolojia ni taaluma inayouliza kwa nini, na kwamba eneo la Mlima Kenya lina taasisi na matukio ya kutosha kulijibu swali hilo kwa uzito. Yameonyesha pia kwamba mnyororo wa haki, kuanzia kitabu cha matukio hadi ripoti ya probesheni, umefumwa kwa lugha, na kwamba uzi wake hukatika mara nyingi pale Kiswahili kinapogeuzwa Kiingereza na asiyefunzwa kazi hiyo. Wahenga walisema kwamba ulimi hauna mfupa. Walionya kuhusu msemaji, lakini methali hiyo yamfaa pia mwandikaji, kwani neno likishaingia katika faili la mahakama hupata mfupa na huwa vigumu kulipinda. Mshtakiwa wa Nyeri wa mwaka 1956 hakuwa na uwezo wa kuyasahihisha maneno yaliyoandikwa kwa niaba yake. Yule atakayesimama kizimbani leo anastahili kukutana na afisa, mkalimani na hakimu walioandaliwa kumsikia.